Chupa za Miezi ya Giza

Mwaka niliofikisha miaka ishirini na tatu nilikosa usingizi kwa sababu ya chupa moja ya maji ya bahari. Haikuvunjika wala haikuibwa. Ilifunguliwa Jumanne ikatumika tena Jumatano, basi. Nilikuwa nikijiuliza hewa ya Julai hapa Johannesburg, hewa kavu inayopasua midomo na visigino, inaweza kunywa maji kiasi gani kutoka kwenye chupa iliyofunikwa kwa plastiki laini. Kila nilipopiga hesabu nilipata jibu jipya, na kila jibu lilikuwa na mlango wa kutokea: huenda ni umeme, huenda ni mashine, huenda ni yule aliyeyateka maji. Sasa nina miaka thelathini. Ninafanya kazi Sandton kwenye kampuni ya bima, asubuhi ninapanda treni ya kasi pamoja na watu wanaonukia vizuri, na nilikuwa nimezoea kuishi na shaka lile kama mtu anayetafunia upande mmoja kwa sababu ya jino bovu. Kisha tukamzika Themba. Siku ya pili ya matanga mama yake, Bi Mwanaidi, aliniita jikoni, akarudisha mlango, akasimama akiwa ameushikilia kwa mgongo.

"Neema, wewe ulikuwa kwenye ile maabara," alisema. "Niambie kweli. Mwanangu alifanya uzembe kule kwenye barafu?"

Nilimjibu kwamba sijui. Nilikuwa nimebeba sinia la vikombe na nilimjibu huku nikiviangalia vikombe. Nilielewa swali lilikotoka. Nje ya dirisha la jikoni, wanaume waliokuwa kwenye viti vya plastiki walikuwa wakimzungumza marehemu kwa sauti ile ya matanga, isiyo ya siri wala ya wazi, na mmoja wao alikuwa amesema kwamba Themba alikuwa mtu mwema sana, ila kazi ya barafu ilimshinda, aliyaharibu maji ya watu wakamrudisha. Wengine waliitikia kwa masikitiko. Bi Mwanaidi alikuwa akiosha masufuria, na alisikia kila neno. Aliponiuliza, mimi niliyekuwa na jibu nikachukua vikombe nikatoka navyo nje, nikawapa chai wanaume walewale.

Mwaka ule wa chupa nilipanga chumba La Rochelle, kusini mwa Johannesburg, kwenye nyumba ya Mama Riziki, fundi cherehani kutoka Bukavu. Chumba changu kilikuwa stoo zamani. Kilikuwa na dirisha moja linalotazama uani, na ukutani alama za rafu zilizong'olewa, mistari minne myeupe ambayo niliihesabu kila asubuhi kabla ya kuinuka, kana kwamba usiku ungeweza kuiongeza. Mlo tulikula pamoja sebuleni, katikati ya vitambaa na sare za shule ambazo hazijapindwa. Themba alikuja kupanga Februari na begi moja, mashavu yake yamebabuka kama ya mtu aliyepikia moto wa kuni mwaka mzima. Alikuwa amemaliza mwaka kwenye kituo cha utafiti ncha ya kusini ya dunia, kwenye pwani ya barafu, fundi wa vyombo vya kupimia bahari. Baba yake alikuwa Mzulu aliyekwenda uhamishoni, mama yake ni wa Morogoro, na alizaliwa hukohuko. Kwa hiyo Kiswahili chake kilikuwa cha Morogoro tupu, ila alitia "eish" na "sharp" mahali ambapo wengine tunavuta pumzi.

Jioni ya kwanza Mama Riziki alipika kisamvu na dagaa, yeye akiviita sombe na ndagala, na mabishano yakaanza kuhusu kile kilichokuwa kwenye sahani ya katikati. Mama Riziki alisema ni bugali. Themba akasema ni ugali, halafu akasema hapana, kwa unga huu mweupe wa dukani ni pap tu, tusijidanganye. Tulikuwa bado tunacheka alipoinuka kumsaidia Mama Riziki na sufuria la maharage lililokuwa likichemka. Alilishika kwa mikono mitupu, akatembea nalo hatua sita au saba, akalitua mezani taratibu. Mama Riziki alimshika mkono, akaugeuza, akakuta ngozi ya vidole viwili imeanza kuwa nyeupe kwa moto.

"We Themba, iyo mukono ni yako ao uliazima?" alisema.

Themba alicheka, akasema vidole viwili vya kulia na kimoja cha kushoto havisikii tena kitu, amevisahau kule. Mimi, ambaye siwezi kuacha swali likapita, nilimuuliza kwa nini hakuvaa glavu. Akaniangalia kama mtu aliyefurahi kuulizwa. Akachukua kikombe cha bati, akakijaza maji, na pale mezani akatufundisha kazi yake.

Alisema unatoboa barafu yenye unene wa mtu mzima, unapata tundu. Ndani yake unateremsha kwa waya chombo kinachopima joto na chumvi kadiri kinavyozama. Yeye alikiita Bibi, kwa sababu hakitaki kuharakishwa, na kikikasirishwa na baridi kinasema uongo. Ili umwamini Bibi, lazima uteke maji ya kina kilekile ukayafunge kwenye chupa za glasi, yaje yapimwe maabara. Maji yale ni baridi kuliko barafu inayoyeyuka, chumvi ndiyo inayoyazuia kuganda, na humo huelea vipande vya barafu vyembamba kama magamba ya samaki. Barafu haina chumvi. Gamba moja likiingia kwenye chupa, likayeyuka, maji yako yamekuwa matamu kuliko bahari na kazi yako imekwisha. Glavu nazo hubeba theluji kwenye mishono. Kwa hiyo wakati wa kujaza chupa alivua glavu. Alisuuza mara tatu, akachungulia kwa taa, akajaza, akafunga, akaiweka chupa kifuani ndani ya koti isigande ikapasuka. Miezi mitatu ya giza, jua halichomozi kabisa, alijaza chupa arobaini na mbili namna hiyo.

"Wenzangu waliniambia mimi mjinga," alisema. "Lakini chupa zangu, Profesa, ukizikuta na barafu, nichinje."

Profesa ndilo jina alilonipa tangu jioni ile, kwa sababu ya maswali. Nilikuwa na shahada ya kemia na miezi minane bila kazi. Ni yeye aliyetuambia, akiwa anakausha sahani, kwamba maabara inayopima chupa zake inatafuta mtu wa mwaka mmoja, na akafanya vizuri anabaki. Alinisindikiza mwenyewe. Haikuwa mbali, upande wa Turffontein, jengo la matofali lililokuwa zamani likipima maji ya migodi. Ukimwambia mtu kwamba chumvi ya bahari ya mwisho wa dunia inapimwa Johannesburg, mji usio hata na mto wa maana, anadhani unamtania. Lakini migodi iliacha chini ya jengo lile chumba kizuri kisicho na dirisha, ambacho joto lake halibadiliki, na mashine haitaki jambo jingine zaidi ya hilo.

Msimamizi alikuwa mama mmoja wa Durban, mkimya, tuliyemwita Doc. Siku ya kwanza alinieleza kwamba mashine haijui chumvi, inajua kulinganisha tu. Asubuhi unaipa maji ya kulinganishia, ambayo chumvi yake inajulikana na imeandikwa kwenye lebo ya chupa. Kisha unaipa maji yako, nayo inakuambia yamezidi au yamepungua. Chupa ya kulinganishia ikifunguliwa hutumika papo hapo na inayobaki humwagwa. Kila unapofungua moja unabandua lebo yake unaigundisha kwenye daftari, ukurasa wa siku hiyo, mwaka hata mwaka. Madaftari ya zamani yalijaa lebo, nyingine zimekuwa za manjano, na Doc aliyapanga rafuni kwa mkono wake kama mtu anayepanga misahafu. Nilimwogopa sana. Hakuwahi kunigombeza. Nilichoogopa ni ule utaratibu wake wa kusikiliza mpaka mwisho bila kukukatiza.

Wiki ile ya Julai zilikuwa zimebaki chupa tatu za kulinganishia, na shehena mpya ilikuwa imekwama forodhani. Jumanne nilifungua moja ili nianze chupa za miezi ya giza. Nilikuwa sijapima hata moja mgao wa umeme ulipotukuta nje ya ratiba, na jenereta likakataa. Kanuni ilikuwa wazi: subiri siku nzima chumba kitulie, umwage ile, ufungue mpya. Nilisimama na ile chupa mkononi nikiwaza. Nikiimwaga zitabaki mbili. Doc ataniuliza kwa nini niliifungua bila kuangalia ratiba, nami nilikuwa nimeiangalia, ila nitaonekana najitetea, na mkataba wangu unajadiliwa mwezi ujao. Mtu mwingine angepanda ngazi akasema. Mimi niliwaza mpaka kuwaza kukawa kumekwisha kuamua. Niliifunika chupa kwa plastiki. Jumatano mchana, umeme ukiwa umerudi, niliipa mashine maji yale yale ya Jumanne, kisha nikapima chupa zote arobaini na mbili mpaka jioni. Ukurasa wa Jumatano ulihitaji lebo. Nikabandua ile ya Jumanne, nikaikata katikati, nikabandika nusu yenye namba kushoto, ukurasa wa Jumanne, na nusu nyingine kulia, ukurasa wa Jumatano, mengine nikajazia kwa kalamu. Nakumbuka nilikata kwa makini sana.

Jumatatu iliyofuata, nilipofungua chupa mpya, mashine iliruka. Kidogo tu, tofauti ambayo ulimi wa mtu hauwezi kuionja, lakini bahari ile habari zake zote zinasomwa kwenye tofauti za ukubwa huo. Nilielewa palepale. Maji yaliyofunguliwa yalikuwa yamepoteza unyevu, yakabaki na chumvi zaidi kuliko ilivyoandikwa, nami niliiambia mashine hicho ndicho kipimo. Kwa hiyo kila chupa ya Themba ilionekana tamu kuliko ilivyokuwa. Ilionekana hasa kama chupa iliyoingia barafu. Nilikaa kwenye kiti cha chuma nikajiambia ni umeme. Nikaisawazisha mashine upya, nikaendelea na chupa nyingine, na mchana nikala mkate na parachichi kama kawaida. Mpaka leo parachichi silipendi.

Ripoti ilitoka Septemba. Bibi alisema kitu kimoja, chupa za miezi ya giza zilisema kingine. Wenye mradi, walioko mbali, walisoma jedwali lenye jina la mtekaji na jina la mpimaji, wakaona mtekaji alikuwa peke yake gizani na mpimaji alikuwa na madaftari. Waliandika kwamba huenda vipande vya barafu viliingia kwenye chupa kwa kukosa uangalifu, na vipimo vya miezi ile vikafutwa. Oktoba Themba alipata barua kwamba hatakwenda tena na meli ya Desemba. Aliisoma sebuleni, sahani yake mbele yake, Mama Riziki akitia uzi kwenye cherehani. Aliisoma mara mbili, akaikunja, akala. Alikula yote. Kisha akaniuliza, bila ukali wowote, kama mtu anayeuliza saa:

"Profesa, siku uliyopima zile za giza, umeme ulikuwepo?"

"Ulikuwepo," nilisema.

Aliitikia kwa kichwa. Mama Riziki alisimamisha cherehani akaniangalia, akasema, "Weye Neema, unawaza sana, kichwa yako itapasuka siku moja," halafu akaendelea kushona. Nimezirudia sekunde zile mara nyingi kuliko kitu chochote maishani mwangu. Kwa maneno yenyewe hata sikusema uongo: Jumatano umeme ulikuwepo. Nilijifariji kwa hilo kwa miaka, na sijui kama kuna faraja ya aibu zaidi.

Mkataba wangu uliongezwa, lakini mwaka ulipokwisha niliacha kazi nikapata nyingine mjini. Themba alichukua kazi ya ulinzi, getini kwenye ghala moja, ndani ya kibanda cha bati ambacho kwa baridi ya Julai, alisema, hakikuwa mbali na alikotoka, tofauti ni kwamba huku ulipewa glavu. Alihamia kwa mama yake Turffontein. Kila nilipokwenda kuwasalimu aliniuliza habari za Sandton, akaniita Profesa, akaniwekea chai, na nilitazama vidole vyake vinavyoshika birika bila kusikia. Kifua kilimwanza majira mawili ya baridi yaliyopita. Alikohoa, akapona, akakohoa tena. Sisemi kwamba lebo ilimuua. Mimi ni mtu wa hesabu na najua umbali uliopo kati ya sababu na matokeo. Lakini mwaka wake mmoja wa fahari ulifutwa, akaishi miaka saba kama mtu aliyefutwa, na nilikuwa nimeshika kifutio.

Siku ya nne baada ya mazishi nilipiga simu kazini nikasema naumwa, nikaenda maabara. Doc ana mvi sasa. Sikujua nianzie wapi, kwa hiyo nilimwomba daftari la mwaka ule, akaliteremsha bila kutafuta. Nilimfungulia kurasa mbili. Alivaa miwani, akatazama kushoto, akatazama kulia. Kisha akakunja ukurasa wa Jumanne taratibu mpaka ukingo wa nusu ya kwanza ukagusa ukingo wa nusu ya pili, na lebo ikawa moja. Nikamweleza yote. Alinisikiliza mpaka mwisho, kama zamani. Alipozungumza aliniambia kwamba kwa sababu nilifungua chupa mpya Jumatatu, na mruko wa mashine umeandikwa, tofauti inajulikana. Chupa zote arobaini na mbili zinaweza kusahihishwa na kurudishwa kwenye orodha.

"Ni kazi ya mchana mmoja," alisema.

Nilidhani angenigombeza, na ningeshukuru. Badala yake alipangusa miwani, akasema naye alikuwa na macho mwaka ule, na alipaswa kuziona kingo za karatasi. Tulifanya hesabu pamoja. Kufikia saa tisa, miezi ya giza ilikuwa imekaa sawa na Bibi, namba kwa namba, safi kuliko vipimo vya mwaka wowote mwingine kwenye rafu ile. Hakuna gamba hata moja la barafu lililoingia kwenye chupa za Themba. Doc akaanza kuandika barua kwa wenye mradi, akafika mahali pa sababu, akasita. Alisema anaweza kuandika hitilafu ya usawazishaji, ni maneno ya kawaida, hakuna atakayeuliza zaidi, nami nina kazi nzuri. Nakiri nililiwaza. Nililiwaza kwa njia yangu yote ya zamani, mlango baada ya mlango.

"Ile ripoti ya kwanza ilikuwa na jina," nilimwambia. "Na hii iwe na jina."

Tukaliandika jina langu, na nilichofanya, na kwamba nilikijua tangu wiki iliyofuata. Ikatumwa nikiwa nimesimama pale. Nakala moja niliitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, kwa mkono, nikaipeleka Turffontein jioni hiyo. Bi Mwanaidi alikuwa akichambua mchele. Nilimsomea. Hakuacha kuchambua mpaka nilipofika kwenye jina langu, hapo mkono ukatulia juu ya ungo. Nilipomaliza akauliza swali ambalo halikuwemo kwenye karatasi.

"Yeye aliwahi kukuuliza?"

"Aliniuliza, mama. Mara moja."

"Ukamwambiaje?"

"Nilimdanganya."

Aliutikisa ungo, akapuliza pumba. Hakulia, wala hakunifukuza, wala hakusema amenisamehe, na mpaka leo hajasema. Alisema arobaini itakuwa Jumamosi ya tarehe fulani, na kwamba wale wanaume wote watakuja, kwa sababu kutakuwa na pilau. Akasema nije na karatasi hiyo, na hilo la mwisho nililomwambia sasa hivi niliandike pia.

Nililiandika. Jumamosi iliyopita, baada ya dua na kabla ya chakula, Bi Mwanaidi alitoka nje akawaambia wanaume waweke vikombe chini. Viti vilikuwa vilevile vya plastiki. Mama Riziki alikuwa amesimama mlangoni na kitambaa cha jikoni begani. Niliifungua karatasi, nikaanza kusoma, jina langu likiwa la kwanza.